Glavu hushonwa au hufumwa?

Asubuhi za baridi Sirisia, karibu na Mlima Elgon, glavu za rangi mbili zisizofunika vidole humfaa mwendesha boda: kiganja kinapata joto, vidole vinabaki huru kuhesabu chenji. Ukimuuliza amezitoa wapi, atakujibu, "Nilishonewa." Je, glavu hushonwa?

Kushona ni kuunganisha vitambaa vilivyokwisha kuwapo. Kufuma ni kuunda kitambaa chenyewe kutokana na uzi, kitanzi baada ya kitanzi. Mfumaji wa maua hushika nyuzi mbili: mmoja ukiunda kitanzi, wa pili hupita nyuma ukingoja zamu yake. Akiukaza mno, glavu hujikunja; akiulegeza mno, vidole hunasa ndani. Hapo hakuna mshono.

Huenda mkanganyiko umechangiwa na kitenzi "fumuka", maana sweta hufumuka na mshono pia hufumuka. Lakini katika kutengeneza, tofauti ipo. Isitoshe, "fuma" ndicho kitenzi kilichotuzalia nomino "mfumo": mambo mengi yaliyoshikana kama vitanzi. Basi tuseme: fundi amenifumia glavu.