Mtoto ajue siku yake: utaratibu wa darasa kwa wanafunzi wa shule ya msingi na wazazi wao



Katika makanisa yetu ya Masisi na Walikale tunawaombea watoto karibu kila Jumapili. Tunaomba wapate amani, wasome, wasichukuliwe na makundi yenye silaha. Maombi hayo ni mema na tusiyaache. Lakini pamoja na maombi kuna kazi iliyo mikononi mwetu, nayo ni kuhakikisha kwamba kila mtoto wa shule ya msingi anajua siku yake itakwendaje. Anaingia saa ngapi? Nani anampokea? Anaruhusiwa kufanya nini, na akikosea itakuwaje?

Kwa mtoto aliyekaa kijiji kimoja tangu kuzaliwa, hayo ni mambo ya kawaida. Kwa mtoto aliyekimbia vita mara mbili au tatu, ni zaidi ya hayo. Mwezi wa kwanza wa 2025 mapigano yalifika Masisi penyewe, na mwezi wa tatu yakafika hadi mji wa Walikale. Watoto waliotoka huko hawana hakika watalala wapi wala watakula nini. Wakifika darasani na kukuta mambo yanakwenda leo kama yalivyokwenda jana, wanaanza tena kuamini kwamba kesho ipo.

Shule inatuhusu sote

Wengine husema kwamba shule ni kazi ya serikali. Tukumbuke historia. Mwaka 1974 serikali ilichukua shule zote za makanisa. Tarehe 26 mwezi wa pili 1977 ilitia sahihi mkataba na makanisa, na usimamizi ukarudi kwetu. Ndiyo maana shule nyingi za vijiji vyetu zinaitwa shule za Kiprotestanti ingawa ni za umma: serikali inaweka programu na kulipa walimu, kanisa linasimamia kazi ya kila siku.

Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure. Mwezi wa tisa 2019 neno hilo lilianza kutekelezwa. Watoto wengi ambao wazazi wao hawakuweza kulipa waliingia darasani, na tunamshukuru Mungu. Lakini madarasa yalijaa, na wazo moja likaingia kwa baadhi ya wazazi: silipi tena, kwa hiyo shule si shauri langu. Wazo hilo linawaumiza watoto. Mwalimu mwenye watoto wengi namna hiyo anamhitaji mzazi kuliko zamani. Mkono mmoja haulei mwana.

Mambo ambayo mwalimu anapaswa kuyaweka

Siku ya shule ianze namna moja kila siku. Kengele inapigwa, hata kama kengele yenyewe ni chuma cha gurudumu kilichotundikwa mtini. Watoto wanapanga mistari, wanaimba, wanaomba, wanaingia kwa zamu. Mwalimu anasimama mlangoni na kuwasalimu. Juu ya ubao, pembeni, anaandika tarehe na masomo ya siku hiyo, ili hata mtoto aliyechelewa ajue wenzake wamefika wapi.

Kisha kuna mambo madogo ambayo, yakikosa utaratibu, yanakula muda wote wa kusoma: namna ya kuomba kutoka nje, namna ya kukusanya madaftari mstari kwa mstari, alama ya kunyamaza, mahali pa kuweka chaki na vitabu. Watoto wa darasa la kwanza na la pili hawajifunzi hayo kwa kuambiwa mara moja. Mwalimu aonyeshe, watoto wafanye, kisha warudie, mpaka mambo yaende bila kelele. Majuma mawili ya kwanza ya mwezi wa tisa yakitumika hivyo hayajapotea. Yatalipa mwaka mzima.

Kanuni za darasa ziwe chache, na kila mtoto aweze kuzitaja. Hizi tano zinatosha:

1. Tunafika kwa wakati.
2. Mmoja akisema, wengine wanasikiliza.
3. Hatupigani, hatutukanani, hatuchekani kwa ajili ya kabila au lugha.
4. Tunatunza daftari letu na vitu vya wengine.
5. Tusipoelewa, tunauliza.

Ile ya tatu isiachwe. Katika darasa moja la Masisi wanakaa pamoja watoto wanaosema Kihunde nyumbani na wanaosema Kinyarwanda. Walikale wako wa Kinyanga, wa Kitembo, wa Kikumu. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa katika Katiba, kinawakutanisha. Mambo ambayo watu wazima wanasemeana vibaya barabarani yasipite mlango wa darasa.

Mtoto akikosea

Hapa tuseme wazi. Mtoto aliyeona watu wakipigwa hafundishwi utulivu kwa fimbo. Anajifunza tu kuogopa, na anayeogopa shule huiacha. Akiiacha, wako wanaomngoja: machimbo ya koltani upande wa Rubaya, machimbo ya kasiteriti upande wa Walikale, na wenye silaha msituni, ambao wanajua kumkaribisha vizuri kuliko sisi.

Hilo halina maana kwamba mtoto aachwe afanye anavyotaka. Adhabu ijulikane mapema, ifanane na kosa, na isimwondoe kwenye somo. Aliyechafua asafishe. Aliyemtukana mwenzake aombe msamaha, nao wakae meza moja. Aliyechelewa aeleze sababu baada ya masomo, maana huenda alikuwa anateka maji au alizuiwa na mto uliofurika. Kosa likirudi mara tatu, mwalimu amwite mzazi wazungumze kabla mambo hayajaharibika.

Mambo ambayo mzazi anapaswa kuyafanya

Mzazi mmoja anaweza kusema, "Mchungaji, mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto?" Kazi nyingi za mzazi hazihitaji kusoma.

Mtoto alale mapema. Maji na kuni vya asubuhi viandaliwe jioni, ili asianze siku kwa kukimbizana na saa. Apate chakula kabla ya kutoka, hata kama ni viazi vya jana. Siku ya soko asibakizwe nyumbani kulinda mdogo wake, wala siku ya kulima maharagi. Tunawaomba hasa kwa ajili ya wasichana, maana wao ndio wa kwanza kubakizwa na wa mwisho kurudi darasani.

Jioni fungua daftari lake. Hata asiyejua kusoma anaona kama ukurasa wa leo umeandikwa au ni mweupe, na kama kalamu nyekundu ya mwalimu imepita. Mwambie mtoto akusomee. Katika madarasa ya kwanza masomo huanza kwa lugha tunazosema, na Kifaransa huingia polepole, kwa hiyo utayaelewa mengi kuliko unavyofikiri. Mwaka wa shule ya msingi una vipindi sita vya maksi. Buletini ikija, usiisaini njiani. Nenda shuleni, muulize mwalimu maswali mawili: mtoto wangu anaweza nini, na anashindwa nini? Ukingoja mpaka darasa la sita, mbele ya mtihani wa ENAFEP, umechelewa.

Mtoto akiugua au familia ikihama, tuma ujumbe shuleni, hata kwa mtoto wa jirani. Mwalimu asiyejua mtoto yuko wapi hawezi kumtafuta.

Mtoto anapofika katikati ya mwaka

Wengi wa waliokimbia hufika bila buletini, bila nguo ya bluu na nyeupe, bila daftari. Tunawaomba wakurugenzi wasiwarudishe mlangoni kwa sababu ya nguo. Mwalimu ampe kazi ndogo ya kusoma na kuhesabu ili ajue amefikia wapi. Asimkalishe nyuma kabisa. Ampe mwenzake mmoja wa kumwonyesha kanuni, choo na mahali pa maji. Wala asimuulize mbele ya wote aliyoyaona njiani. Mtoto atasema siku atakapokuwa tayari.

Pia kila shule ya kwetu inahitaji utaratibu wa siku ya hatari. Risasi zikisikika, watoto walale chini au waelekee wapi? Nani anabeba orodha ya majina? Mtoto anakabidhiwa kwa nani? Wazazi wakijua jibu mapema, hawatakimbilia wote shuleni kwa wakati mmoja, na hakuna mtoto atakayeondoka peke yake. Na tusisahau kwamba nchi yetu iliunga mkono Tamko la Shule Salama mwaka 2016. Shule isigeuzwe kuwa kambi ya askari. Wazee wa kanisa na wakuu wa vijiji wana haki ya kulikumbusha neno hilo kwa upole.

Shule ikifungwa kwa sababu ya vita, utaratibu usifungwe wote. Hata kambini saa moja ya asubuhi inaweza kubaki saa ya wimbo, maombi, kusoma na kuhesabu, chini ya mti au katika jengo la kanisa.

Kazi ya kanisa

Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, Musa anapowaambia wazazi wawafundishe watoto neno la Mungu, anawapa pia nyakati: wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala, wakiamka. Ndivyo malezi yanavyofanyika, kidogo kidogo, kila siku, kwa saa zinazojulikana.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia itenge Jumapili moja mwezi wa tisa, baada ya ibada, wakae pamoja mkurugenzi, walimu, komite ya wazazi na mama wa kanisa. Zile kanuni tano zisomwe kwa sauti, saa ya kuingia itangazwe, utaratibu wa siku ya hatari uelezwe. Zaidi ya yote, watoto wenyewe wawepo wakisikiliza, waone kwamba mwalimu na mzazi wanasema neno moja.

Mungu awalinde watoto wa Masisi na Walikale, awape walimu wao nguvu. Amina.