Akiba Iliyozikwa: Udongo, Mboji na Hewa ya Ukaa

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa nafaka iliyo ghalani na fedha iliyo kibindoni, lakini iko akiba moja isiyowekwa ila kwa kuoza kwanza, nayo ni ile ya udongo. Majani yaangukayo, mizizi ifayo, mabua yaachwayo shambani na samadi itokayo zizini, vyote huoza. Na katika kuoza huko sehemu ndogo hukataa kwisha, ikabaki ardhini pengine kwa miaka mia kadha. Mabaki hayo ndiyo mboji, na takriban nusu ya uzito wake ni ukaa. Kwa kuwa ukaa uliomo udongoni haumo angani, wataalamu wa tabianchi wameitazama mboji upya, si kama chakula cha mimea tu, bali kama njia ya asili ya kupunguza joto la dunia. Makala haya yaeleza jinsi jambo hilo linavyotendeka, mahali lilipokwisha jaribiwa katika Afrika ya Mashariki, na sababu ya majina yake kuhitaji uangalifu.

Yafaa kuanza na neno lenyewe. Ukaa ni jamaa ya makaa, mkaa na kaa la moto: shina ni moja, na kiambishi u- kimelifanya kuwa jina la kitu kisichohesabika, kama unga na udongo. Uundaji huu ni mzuri, kwani msikilizaji huona mara moja weusi wa kile kinachosemwa. Wako wadhanio kwamba neno hili latokana na kitenzi kukaa, kwa kuwa ukaa hukaa udongoni. Dhana hiyo yapendeza, lakini ni mfanano wa sauti tu. Ukaa unapoungana na oksijeni hupatikana gesi ambayo vitabu vya shule huiita kabonidayoksaidi, na watu wengi huiita hewa ya ukaa, au kwa kifupi hewa ukaa. Kila tani moja ya ukaa ikiungua au kuoza kabisa hutoa tani 3.67 za gesi hiyo.

Kabla ya viwanda kuenea, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo kama 280 za hewa ya ukaa. Mwaka 2024 zilikuwa zimezidi 420. Watu wengi hudhani kwamba ghala kubwa la ukaa katika nchi kavu ni misitu. Sivyo. Mita moja ya juu ya udongo wa dunia nzima ina ukaa wa asili ya viumbe upatao tani bilioni 1,500, yaani zaidi ya ule ulio angani na ulio katika mimea yote ukijumlishwa pamoja. Tangu binadamu aanze kulima, zaidi ya tani bilioni 100 zimetoka katika ghala hilo kwa jembe, moto, malisho yaliyopita kiasi na mmomonyoko. Tumaini la wataalamu ni kwamba sehemu ya kilichotoka yaweza kurudishwa. Katika mkutano wa Paris wa mwaka 2015, Ufaransa ilizindua mpango wenye shabaha ya kuongeza ukaa wa udongo kwa sehemu nne katika kila elfu moja kwa mwaka.

Njia ya kurudisha ni mmea. Jani hunywa hewa ya ukaa, na kwa nguvu ya jua huigeuza sukari. Sukari hiyo hujenga shina na mizizi, na nyingine huvuja mizizini ikaliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupumua kama sisi, hivyo sehemu kubwa ya ukaa hurudi angani upesi. Kinachosalia huokolewa kwa njia mbili. Ama hung'ang'ania chembe ndogo sana za mfinyanzi, au hufungiwa ndani ya mabonge ya udongo, mahali ambapo hewa na vijidudu havifiki kwa urahisi. Ndiyo sababu mchanga ni ghala bovu na mfinyanzi ni ghala jema. Ndiyo sababu pia kulima mara kwa mara huipoteza akiba: jembe huvunja mabonge, hewa huingia, na kilichofichwa huliwa. Katika nchi zetu za joto kuoza huenda mbio, basi mkulima apandaye mikunde kati ya mistari, afunikaye shamba kwa matandazo na asiyechoma mabua, hana budi kufanya hivyo kila mwaka.

Maarifa haya si mageni kabisa kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Wataalamu wa udongo wa mataifa mengi hutumia maneno mawili ya Kiswahili bila kuyafasiri: fanya juu. Ni jina la matuta yaliyoenea Machakos tangu miaka ya 1950, ambapo mkulima huchimba mtaro kwa kufuata usawa wa mlima, na udongo autoao huutupa upande wa juu. Mvua kwa mvua tuta hukusanya udongo uliokuwa ukienda mtoni, na pamoja nao mboji.

Mfano ulio mkubwa zaidi ni wa Shinyanga. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho mwanzo wa mvua, isiingie mifugo, nyasi zikue na kubaki hadi kilele cha kiangazi. Desturi hii ilidhoofika. Miti ilifyekwa ili kumfukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970 wengi waliziacha ngitili zao nyuma. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu; mradi ulipokwisha mwaka 2004 zilikwisha kupita hekta 300,000. Miche mingi haikuhitajika, kwa sababu visiki na mizizi vilikuwa vingali hai ardhini. Kilichohitajika ni ulinzi, nao ulitoka katika mabaraza ya kimila yaitwayo dagashida na kwa sungusungu. Miti ilirudi ikaonekana kwa macho. Udongo nao ulianza kupata mboji, ingawa kwa mwendo wa polepole zaidi.

Katika nchi hiyo hiyo ya Usukuma jina laweza kumpotosha mtu. Mbuga ni udongo mweusi wa mabondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mgeni auonapo weusi wake hudhani kwamba umejaa mboji, kumbe weusi huo hauwi kila mara dalili ya ukaa mwingi; mara nyingi watokana zaidi na aina ya mfinyanzi wake. Basi rangi ni shahidi asiyetosha, na vipimo havina budi.

Kupima kwenyewe si kazi nyepesi. Hekta moja ya udongo hadi kina cha sentimita 30, ikiwa kila mita ya ujazo ina uzito wa tani 1.3, ina udongo wa tani 3,900. Ukaa ukiwa asilimia 1, ni tani 39. Ukiongezeka ukawa asilimia 1.1, nyongeza ni tani 3.9, sawa na tani 14.3 za hewa ya ukaa. Nyongeza hiyo yaweza kuchukua miaka kadha, na kwa kuwa udongo wa shamba moja hutofautiana hatua kwa hatua, ni rahisi mpimaji akaikosa, au akaiona mahali isipokuwapo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ajazaye hana budi kuweza kuthibitisha kwamba kimejaa.

Uthibitisho huo una uzito kwa sababu akiba hii sasa inauzwa. Mwaka 2014 wakulima wadogo wa magharibi ya Kenya walipata hati za kwanza za ukaa wa udongo kwa njia ya mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2022. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 yaagiza kwamba katika miradi ya ardhi jamii ipewe si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka, gharama zikiisha kuondolewa.

Hapa ndipo lugha inapoingia sokoni. Biashara hii huitwa kwa kawaida biashara ya hewa ukaa. Lakini katika Kiswahili cha Tanzania neno hewa limepata maana nyingine: mfanyakazi hewa ni mtu asiyekuwapo ambaye mshahara wake hulipwa. Mzee wa kijiji aambiwapo kwamba watu wa mbali wanataka kununua hewa yake, ana haki ya kucheka, au kushuku. Iliyo mbaya zaidi ni kwamba jina hilo humficha kile anachokitoa kwa hakika. Hewa hakuiuza, wala si yake. Anachokitoa ni ahadi juu ya ardhi: kwamba hatachoma, hataingiza mifugo wakati fulani, hatalima mahali fulani, kwa miaka ishirini, thelathini au zaidi. Mkataba usemao hewa mahali pa kusema ahadi humfanya mtu atie sahihi juu ya malisho ya wajukuu wake bila kujua. Kusema biashara ya kutunza ukaa ardhini ni kurefusha maneno kidogo, lakini huonyesha kazi ni ipi, yafanyika wapi, na nani aifanyaye.

Mipaka ya akiba hii nayo isemwe wazi. Udongo hujaa. Baada ya miaka kama ishirini ya utunzaji mpya nyongeza hupungua, na baadaye husimama. Tena yaliyowekwa kwa miaka mingi yaweza kupotea kwa ukame mkali au kwa misimu michache ya kulima ovyo. Kwa hiyo udongo hauwezi kuwa kisingizio cha kuendelea kuchoma makaa ya mawe na mafuta, kwani ukaa wa chini kabisa ya ardhi hauna mwisho wa kutoka upesi, na ghala la juu lina kipimo chake. Faida zilizo yakini ni za karibu zaidi: udongo wenye mboji hunywa maji ya mvua na kuyashika, huvumilia jua, na humlipa mkulima kwa mavuno hata kama mnunuzi wa hati hakutokea. Mkulima aelezwaye hayo kwa maneno yaliyo wazi ataweza kuamua mwenyewe ni kiasi gani cha ardhi yake akiwekee ahadi, na kwa bei gani.