Kalafati: Kwa nini pamba bado yaishinda gundi ya dukani

Katika kijiji cha Kibuyuni, Kaunti ya Kwale, kinachojulikana zaidi kwa kilimo cha mwani, mashua inayovuja huhatarisha roho za watu. Uteuzi wa kitu cha kuzibia nyufa basi si jambo la kufanyiwa mzaha.

Tangu zamani, mafundi wa pwani hukalafati vyombo kwa pamba iliyolowekwa mafuta, ya nazi au sifa ya papa, wakiishindilia baina ya mbao kwa chembeu na nyundo. Ubao hufura majini na kunywea juani, na pamba huufuata. Saruji haiwezi, hupasuka. Nayo gundi ya silikoni, ingawa hunyumbuka, haishiki vyema ubao wenye maji au mafuta, na mashua kuukuu ina vyote viwili.

Chini ya chombo hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuwazuia wadudu watoboao mbao.

Hata hivyo, pamba ikizidi hufura ikazisukuma mbao zikaachana. Chombo kilichokaa mchangani siku nyingi kisishindiliwe pamba katika kila ufa. Kiteremshwe kwanza penye kina kifupi, mbao zifure, ndipo fundi atazame panapoendelea kuvuja.