Mkate wa Ngano Nzima: Akiba ya Nguvu Katika Nyumba ya Askari

Tangu siku ya kwanza ya mafunzo, askari hufundishwa kukagua silaha yake kabla ya kuitumia. Hukagua pia viatu, mkanda na chupa ya maji. Lakini ni wangapi miongoni mwetu wanaokikagua chakula wanachokula kabla ya kwenda zamu? Katika jiji la Kigali, tangu Kanombe hadi Kacyiru, askari wa jeshi na wa polisi aghalabu huianza siku kwa chai na mkate mweupe. Kabla ya saa nne tumbo limekwisha kuanza kunguruma, na askari hutafuta mandazi mawili ya kusukumia muda.

Njia nyingine ipo, wala haihitaji tanuri la umeme. Ni mkate wa ngano nzima, uliokandwa na kuokwa nyumbani juu ya jiko la makaa.

SOMO LA KUT

Thamani ya ngano isiyokobolewa ilidhihirika wazi katika uwanja wa vita. Mwezi Desemba 1915, jeshi la Uingereza na India chini ya Jenerali Charles Townshend lilizingirwa na jeshi la Waturuki katika mji wa Kut, ambao leo umo nchini Iraki. Lilizingirwa kwa takriban miezi mitano, mpaka likasalimu amri tarehe 29 Aprili 1916.

Ndani ya mji huo askari wa Kiingereza walikula mkate wa unga mweupe. Askari wa Kihindi walikula atta, yaani unga wa ngano uliosagwa pamoja na pumba zake. Baada ya muda Waingereza walianza kuugua beriberi: miguu hufa ganzi, misuli hulegea na moyo huchoka. Wahindi, waliokuwa katika mahandaki yale yale, waliepukana nayo. Unga mweupe ulipokwisha na Waingereza nao wakalazimika kula shayiri na atta, ugonjwa ulipungua.

Hata hivyo, yafaa tuseme ukweli wote. Wahindi nao waliugua kiseyeye kwa kukosa mboga na matunda, na kwa kuwa wengi wao walikataa nyama ya farasi kwa sababu za dini. Basi somo la Kut lina pande mbili: chakula kilichoondolewa uhai wake humdhoofisha askari, na tena hakuna chakula kimoja kinachotosha peke yake.

NI NINI KINACHOTUPWA?

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Nje kuna pumba, karibu sehemu 14 katika kila 100 za uzito wake. Ndani kuna wanga mweupe, zaidi ya sehemu 80. Pembeni kuna kiinitete, mahali mche unapochipukia, nacho hakifiki hata sehemu 3. Kinu kinachotoa unga mweupe huondoa pumba na kiinitete na kubakiza wanga. Pamoja na hivyo viwili huondoka nyuzinyuzi nyingi, madini kama chuma na zinki, na sehemu kubwa ya vitamini B1, ambayo kukosekana kwake ndiko kulikowaangusha Waingereza wa Kut.

Ni kweli kwamba nchi nyingi siku hizi huamuru vitamini na madini kadhaa virudishwe katika unga mweupe. Lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Nazo ndizo zinazofanya chakula kikae tumboni na sukari iingie damuni polepole. Jambo hili linamhusu hasa askari aliyezoea mbio za alfajiri, kisha akahamishiwa kazi ya mezani. Mwili wake hutumia kidogo, ilhali sahani yake imebaki ile ile. Kisukari na shinikizo la damu haviogopi cheo. Mkate wa ngano nzima si dawa, wala haumpi mtu ruhusa ya kula bila kiasi. Lakini vipande vyake hushibisha kuliko vya mkate mweupe.

Tujihadhari pia na rangi. Si kila mkate wa rangi ya udongo ni wa ngano nzima. Mwingine ni unga mweupe uliotiwa sukari iliyounguzwa. Soma karatasi ya mkate. Kitu cha kwanza kilichotajwa kiwe ngano nzima.

NGANO YETU

Rwanda inalima ngano. Iko katika nyanda za juu zenye baridi: Musanze na Burera upande wa kaskazini, Gicumbi, na pia Nyamagabe na Nyaruguru upande wa kusini. Lakini ngano nyingi inayotumiwa nchini hununuliwa ng'ambo. Vita vilipozuka kati ya Urusi na Ukraine mwezi Februari 2022, bei ya ngano duniani ilipanda, na kila nyumba inayonunua mkate ikajionea jinsi mzinga unaolia mbali unavyoweza kusikika mezani.

Kwa hiyo, mwenye jamaa huko milimani na aagize punje kavu. Azipepete, aondoe mawe, kisha azipeleke kwenye mashine ya kusaga na kuomba zisagwe laini. Asisage nyingi kwa mara moja, kwa maana kiinitete kina mafuta, na unga wake ukikaa sana huingia uchungu. Unga wa wiki tatu au nne watosha, ukihifadhiwa katika chombo kikavu chenye mfuniko.

KAZI YENYEWE

Mkate wangu wa kwanza ulikuwa aibu. Niliukanda kama unga mweupe, nikautilia maji yale yale na haraka ile ile. Ukatoka mzito kama tofali, na watoto wakauzunguka kama wanaokagua bomu ambalo halijalipuka. Mama mmoja mzee wa Biryogo, aliyekuwa akioka kwa makaa tangu ujana wake, ndiye aliyenionyesha kosa langu. Pumba zina kiu. Zisipopewa maji ya kutosha na nafasi ya kuyanywa, huuvunja mkate kutoka ndani.

Kwa mkate mmoja, chukua unga nusu kilo, maji mililita 350, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, hamira kavu nusu kijiko cha chai, na mafuta kijiko kimoja cha chakula. Kwanza kagua hamira. Itie katika maji kidogo ya uvuguvugu, uliyoyatoa katika hayo hayo 350, pamoja na chembe za sukari. Ikitoa povu katika muda wa dakika kumi, i hai. Isipotoa, itupe.

Changanya unga na maji yaliyobaki, funika, uache nusu saa. Ndipo utie hamira, chumvi na mafuta, ukakande kwa dakika kumi mpaka donge livutike bila kukatika upesi. Lisiwe gumu. Likinata kidogo mkononi, usiliongezee unga. Paka mikono maji.

Sasa liache liumuke. Hapa wakazi wa Kigali wakumbuke kwamba mji wetu uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na mkate huumuka upesi kuliko Mombasa au Dar es Salaam kwa joto lile lile. Ndiyo sababu hamira ni nusu kijiko tu. Ukizidisha, mkate hupanda kwa kishindo kisha huporomoka.

Siku inayofaa ni ile ya umuganda, Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Changanya unga saa kumi na mbili alfajiri, kanda, funika kwa kitambaa kibichi, kisha nenda ukafanye kazi ya umma pamoja na wananchi wenzako. Utakaporudi saa tano, donge litakuwa limekaribia kuwa maradufu. Lipe umbo la mkate, liweke katika kopo au sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, na uliache tena kwa muda wa saa moja.

TANURI LA MAKAA

Tafuta sufuria kubwa, nzito, yenye mfuniko bapa. Mwaga mchanga mkavu wa kimo cha vidole viwili ndani yake, uiweke jikoni ipate moto. Kisha weka kopo la mkate juu ya mchanga, funika, na upalie makaa juu ya mfuniko. Kanuni ya wapishi ni hii: makaa mengi juu, machache chini, kwa kuwa moto wa chini ndio unaounguza. Dakika 45 hadi 50 zatosha. Utoe mkate, uupige kidole chini. Ukilia kama ngoma, umeiva. Ukitoa sauti ya bubu, urudishe. Usiukate ungali moto, kwa maana ndani bado unajikamilisha.

Kuna amri moja isiyo na msamaha. Jiko la makaa likae nje, au mahali penye hewa ya kutosha. Usiliwashe wala kuliingiza katika chumba kilichofungwa, hata kama ni usiku wa mvua na baridi, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

WAJIBU WA BABA MWENYE NYUMBA

Wengine watasema kwamba kukanda unga ni kazi ya mama watoto. Mbona askari anapokuwa porini hupika, hufua na kushona vifungo vyake mwenyewe? Akivuka kizingiti cha nyumba yake asizipoteze stadi hizo. Mkono uliokwisha kuifungua na kuifunga bunduki gizani hautashindwa na donge la unga mchana kweupe.

Anza na nusu kwa nusu, unga mweupe na wa ngano nzima, iwapo nyumba yako haijauzoea. Mwezi unaofuata, ongeza. Nyumbani kwangu tofali lile la kwanza limesahaulika, na sasa watoto ndio wanaogombania kuupiga mkate kidole ili wasikie ngoma. Nami nikienda zamu nachukua vipande viwili katika karatasi. Saa nne hupita, na sitafuti mandazi.