Kimo cha Mzigo na Daraja Lililo Mbele

Reli ya SGR ya Kenya, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, hupita katika Kaunti ya Makueni na kuhudumia stesheni za Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Na kwa kuwa sehemu kubwa yake imeinuliwa juu ya matuta, yako maeneo ambako magari hayana budi kupita chini yake. Hapo ndipo kimo cha gari, ambacho wasafirishaji wengi hukijali kidogo kuliko uzito, huwa jambo la usalama wa wengi, kwani lori likigonga daraja la reli linaweza kuzisogeza nguzo au reli zenyewe na kuhatarisha treni inayofuata.

Ajali za aina hii mara nyingi hutokana na dereva kutojua kimo halisi cha mzigo wake. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.59, ilhali lile la aina ndefu hufikia mita 2.90, tofauti ya sentimita 31 hivi ambayo si rahisi kuitambua kwa macho. Kontena hilo refu likiwekwa kwenye trela ambayo sakafu yake iko mita 1.5 kutoka ardhini, jumla huwa mita 4.4. Mizigo mingine haina hata kipimo maalumu: marobota ya nyasi kavu hupangwa kwa kukadiria tu, na mkono wa mashine ya kuchimbia, kama zile zilizotumika katika ujenzi wa bwawa la Thwake kwenye mpaka wa Makueni na Kitui, huweza kuachwa bila kukunjwa kikamilifu.

Barabara nayo huchangia hatari. Kila tabaka jipya la lami likiongezwa bila la zamani kukwanguliwa, nafasi iliyo chini ya daraja hupungua, na kibao cha kimo kisipobadilishwa hubaki kikitaja kimo kisichokuwapo tena. Aidha, barabara inaposhuka chini ya daraja kisha ikapanda, magurudumu ya mbele na ya nyuma ya trela ndefu huwa kwenye miinuko miwili huku sehemu ya kati ikining'inia juu ya bonde, hivyo mgongo wa mzigo hukaribia daraja zaidi.

Kinga hupangwa kwa hatua. Hatua ya kwanza ni vibao vya kimo vinavyowekwa kabla ya njia panda, ili dereva apate pa kugeukia. Ya pili ni kiunzi cha chuma chenye minyororo, ambayo hugonga mzigo na kumshtua dereva mapema. Na ya tatu ni mitambo ya miale inayowasha taa za onyo. Katika Sydney Harbour Tunnel nchini Australia, pazia la maji lenye neno la kuamuru kusimama huangushwa mbele ya gari lililozidi kimo. Hata hivyo, daraja moja la reli mjini Durham, Marekani, liliendelea kugongwa licha ya vibao na taa, na hata baada ya kuinuliwa kwa sentimita 20 hivi mwaka 2019 bado liligongwa.

Mitambo, basi, haiwezi kuchukua nafasi ya kipimo. Wenye malori wanapaswa kupima kimo kila baada ya kupakia, kukiandika ndani ya kabini mahali dereva anapokiona, na kuchagua njia kabla ya safari kuanza.