Uchanganuzi wa Viungo vya Bolti Vinavyobeba Nguvu na Momenti kwa Pamoja

Swali la msingi katika kiungo cha bolti ni lipi kati ya bolti zake limeelemewa zaidi. Kugawanya mzigo kwa idadi ya bolti hujibu swali hilo pale tu mstari wa nguvu unapopita kwenye kitovu cha kundi. Ukipita kando, kundi zima huelekea kuzunguka, na kila bolti hupokea nguvu ya ziada inayolingana na umbali wake kutoka kitovuni.

Chukuliwe bamba la chuma lililofungwa kwenye nguzo kwa bolti nne, moja katika kila pembe ya mstatili wenye upana wa mm 120 na kimo cha mm 160. Mzigo wa kN 60 umening'inia mm 200 kando ya kitovu. Mgawo wa moja kwa moja ni kN 15 kwa kila bolti. Momenti, yaani kNm 12, huongeza kN 18 za wima na kN 24 za mlalo. Upande wa mzigo, nguvu za wima hujumlika kuwa kN 33, na jumla ya kivekta hufikia kN 40.8, upande wa pili hupingana, na bolti hubeba kN 24.2 tu. Wastani wa kN 15, basi, huficha bolti inayobeba mara 2.7 zaidi.

Hatari kubwa zaidi hujitokeza bamba linapovutwa pia kutoka kwenye nguzo. Kwa kiwango cha Ulaya EN 1993-1-8, bolti ya M16 ya daraja la 8.8, ikikatwa penye hesi, huhimili kN 60.3 za kukata na kN 90.4 za kuvuta. Mvuto wa kN 50 ukiongezwa kwenye bolti ileile, kila kipimo peke yake hufaulu: 0.68 kwa kukata, 0.55 kwa kuvuta. Kanuni ya pamoja, ambayo hugawanya mvuto kwa mara 1.4 ya uwezo wake, hutoa 0.68 + 0.40, yaani 1.08. Kiungo kimeshindwa, ingawa mkaguzi aliyepima kimoja kimoja angekipitisha.

Bolti za M20 hushusha jumla hiyo hadi 0.69. Hata hivyo, bamba jembamba hupinda na kujikita ukingoni kama mtaimbo, likiongeza mvuto ndani ya bolti. Ongezeko hilo sharti lihesabiwe ndani ya zile kN 50 kabla ya kanuni kutumika.