Neno Moja, Maana Mbili: Watendaji Wajihadhari

Mgeni anayejifunza Kiswahili hutatizika anapokutana na neno "barabara". Mkazo ukiwekwa kwenye silabi ya tatu, ni njia ya magari. Ukiwekwa kwenye ya pili, ni sawasawa. Herufi ni zile zile. Sisi hatubabaiki, kwani tumelikuta majumbani mwetu.

Kiingereza nacho kimejaa maneno ya namna hiyo, na huko ndiko tunakopaswa kuwa macho, maadam mikataba mingi na nchi za nje huandikwa kwa lugha hiyo.

Yapo yasiyo na madhara. "Lead" ni kuongoza, na pia ni madini ya risasi. Matamshi ni mbalimbali, na sentensi yenyewe humwongoza msomaji. Hatari imo katika neno ambalo maana zake mbili zote hukubalika ndani ya sentensi moja, lakini zinapingana.

Tuchukue "sanction", neno lenye asili ya Kilatini. Maadam sheria huidhinisha na pia huadhibu, neno hilo limebeba yote mawili: idhini na adhabu. "Oversight" nalo ni usimamizi, na pia ni jambo lililopita bila ya kuonekana. Kazi ya msimamizi na kosa la mzembe zimepewa jina moja!

Wala wenye lugha yao hawakusalimika. Winston Churchill ameeleza, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili, jinsi maofisa wa kijeshi wa Uingereza na wa Marekani walivyobishana kwa muda mrefu juu ya waraka mmoja. Waingereza walitumia neno "table", yaani uletwe mezani ujadiliwe kwa haraka. Kwa Wamarekani, maana yake ilikuwa ni kuuweka kando usahauliwe. Mwisho ilidhihiri kuwa pande zote mbili zilitaka jambo lile lile.

Katika hesabu za fedha mambo ni mazito zaidi. "Billion" ya Uingereza ilikuwa ni milioni mara milioni. Ya Marekani ni milioni 1,000. Mwaka 1974 Waziri Mkuu Harold Wilson aliliarifu Bunge kwamba takwimu za serikali yake zingefuata hesabu ya Marekani. Anayesoma kitabu cha Kiingereza cha zamani bila ya kutazama kimeandikwa wapi na lini, huenda akakosea mara 1,000.

Dawa ipo, na iko mikononi mwetu. Tafsiri ya Kiswahili itayarishwe kabla ya kutia saini, si baada yake. Mfasiri hawezi kuandika idhini na adhabu kwa pamoja; hana budi kuchagua, na hapo ndipo utata unapojitokeza. Basi mtendaji aliyekabidhiwa amana ya wananchi asione haya kuuliza. Swali ni la dakika moja. Saini hubaki miaka.